Dalali asiye na cheti cha EARB akidai kamisheni kortini, atasikilizwa?

Mwana_Kibokoni

Assalamu alaikum, hamjambo nyote. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua kazi hii kisheria, si kwa mazoea ya mtaani.

Natafutia watu nyumba za kupanga na ploti za kununua, Mombasa na Kilifi. Nina PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na kibali cha biashara cha kaunti. Cheti cha EARB, bodi ya kusajili mawakala wa mali, sina. Ploti ikitokea ya bei ya chini huinunua mwenyewe, nikaiuza baadaye.

Sasa kuna nyumba ya ghorofa Mji wa Kale. Warithi ni watano, watatu wako Muscat. Hati ingali kwa jina la marehemu baba yao. Wamesema: "Sisi tupatie milioni 14, kinachozidi shauri yako." Mnunuzi yupo, atafika milioni 15.5, na sehemu kubwa anataka kulipa taslimu.

Je, kibali cha kaunti hakinitoshi? Hiyo milioni moja na nusu ya juu ni halali yangu? Naweza kuchukua kamisheni kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia? Na kama nitaamua kuinunua mimi badala ya huyo mnunuzi, kuna kosa? La mwisho, dipositi ishikwe na nani?

---

Wakala_Tudor

Waalaikum salaam. Nianze na cheti, maana hayo mengine yote yanasimama juu yake.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura 533, ya mwaka 1984. Hiyo haiangalii unajiita nani, iwe dalali, broka, mshauri au "mtu wa kuunganisha". Inaangalia unafanya nini. Ukimkutanisha anayeuza na anayenunua, au mwenye nyumba na mpangaji, au ukachukua hatua za kuwakutanisha, au ukasimama katikati kujadili bei na masharti kwa niaba ya mmoja wao, basi hiyo ndiyo kazi ya uwakala na inataka usajili wa EARB. Kibali cha kaunti ni ruhusa ya kufungua biashara mahali fulani tu. Hakikupi sifa ya kufanya kazi yenyewe, kama ambavyo hakimgeuzi mtu kuwa daktari. Asiyesajiliwa akifanya kazi hiyo ametenda kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Faini hiyo wengi huicheka. Kinachouma hasa ni kamisheni. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Mapis Investment dhidi ya Kenya Railways. Kampuni ilidai malipo ya kazi ya uwakala, mahakama ikaona haikuwa imesajiliwa chini ya Sura 533, na ikakataa kuisaidia: mapatano yaliyosimama juu ya jambo lililokatazwa na sheria hayadaiki. Hakuna cha "lakini kazi niliifanya" wala "walinipa barua". Kwa hiyo jibu la kichwa cha habari chako ni hapana. Asiye na cheti hulipwa kwa hisani ya mteja, na mteja akishapata hati mkononi hisani huwa adimu.

Kuna mtego wa pili. Watu husajili kampuni kwa eCitizen, wakamweka rafiki mmoja mwenye cheti kama mkurugenzi wa jina, wakadhani wamejikinga. Sheria inasema kampuni haiwezi kufanya uwakala mpaka wakurugenzi wote wanaoifanya kazi hiyo wawe wamesajiliwa. Ubia nao ni hivyo hivyo. Mkurugenzi asiye na cheti abaki kwenye fedha au magari. Siku atakapojadili bei na mteja, kampuni nzima iko nje ya sheria.

Njia ya kusajiliwa: bodi inaangalia elimu (shahada ya mambo ya ardhi na mali, au uanachama wa ISK, taasisi ya wapima ardhi wa Kenya, katika tawi linalohusika), uzoefu wa kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, tabia, kisha mahojiano. Ukipita unaingia kwenye daftari, na cheti cha kufanyia kazi unakihuisha kila mwaka. Hapo ndipo wengi huanguka: mtu alisajiliwa zamani, akaacha kulipia, na bado anatumia ile namba kwenye kadi yake. Majina ya waliosajiliwa hutolewa, kwa hiyo mteja yeyote anaweza kukukagua kabla hajakupa funguo.

Kwa sasa, kama elimu hiyo huna, njia safi ni kufanya kazi chini ya kampuni iliyosajiliwa. Barua ya mteja iandikwe kwa jina la kampuni, tangazo liwe na jina na namba yake, kamisheni iingie kwenye akaunti yake ya benki, wewe ulipwe kutoka hapo. Ukipokea kamisheni kwa M-Pesa yako halafu ukawapelekea kampuni "sehemu yao", umerudi pale pale.

Na usichanganye vyeti. Kuuza kwa mnada kuna leseni yake chini ya Sheria ya Madalali wa Mnada ya 1996. Kuandika ripoti ya thamani ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa chini ya Sura 532. Wewe unaweza kumwambia mteja "nyumba za mtaa huu zimekuwa zikienda kwa kiasi hiki". Huwezi kumpa karatasi yenye muhuri inayosema thamani ni milioni 14 akaipeleke benki.

---

Mzee_wa_Saiti

Jamani, tuseme ukweli. Cha juu kila mtu anakula. Mwenye nyumba ametaja bei yake, amepata bei yake, mnunuzi naye ameridhika. Nani kaibiwa hapo?

---

Bi_Wakili

Mzee wangu, kwa heshima, aliyeibiwa ni mwenye nyumba, na sheria iko wazi kwa jambo hili tangu enzi. Wakala ameaminiwa. Faida anayoipata kwa kazi ya mteja ni ya mteja, isipokuwa ile ambayo mteja ameijua na akaikubali. Mteja akigundua anaweza kukudai urudishe milioni moja na nusu yote, na kamisheni uliyopatana naye pia ukaikosa.

"Kinachozidi shauri yako" haikuokoi kirahisi, Mwana_Kibokoni. Swali litakalokuja ni hili: walipotamka maneno hayo, walijua kuna mtu mwenye milioni 15.5? Kama ulikuwa unamjua mnunuzi na kiwango chake ukanyamaza, ridhaa yao haikuwa ridhaa ya mtu aliyeelezwa. Wape taarifa kwa maandishi kwamba ofa ni milioni 15.5, kisha warithi wote watano wakisema kwa maandishi chukua milioni moja na nusu, hapo ni halali. Wakisema hapana, patana kamisheni ya asilimia.

Halafu tazama matendo yanayohitajika ili cha juu kipite. Muuzaji na mnunuzi wasikutane. Mkataba uwe na bei moja na malipo yawe mawili. Pengine kuwe na mikataba miwili, mmoja wa masjala na mmoja wa pembeni. Yote hayo yanaacha alama: benki, wakili wa upande wa pili, fomu ya ushuru wa stempu. Siku ya ugomvi alama hizo ndizo ushahidi.

Kamisheni pande zote mbili: haikatazwi moja kwa moja, ila pande zote zijue, kabla, kwa maandishi, na zitajiwe kiasi. Na hata zikikubali, kaa chonjo. Ukijua muuzaji yuko radhi kushuka mpaka 14 na mnunuzi yuko radhi kupanda mpaka 15.5, kila neno utakalomwambia mmoja linamuumiza mwenzake. Mimi hushauri wakala achague upande mmoja, na yule mwingine aambiwe: "Mimi namwakilisha muuzaji, wewe tafuta wakili wako."

Kununua mwenyewe nako kuna utaratibu. Ukishapewa kazi ya kuuza, wewe si mnunuzi wa kawaida tena. Waambie kwa barua kwamba mnunuzi ni wewe, au kampuni yako, au mkeo, au ndugu yako. Ukimficha nyuma ya jina la shemeji ni kosa lile lile. Waambie ofa zote ulizopokea. Jiondoe kwenye uwakala, usidai kamisheni, na washauri wapate mthamini na wakili wao. Kinyume chake, ukinunua kwa 14 ukauza kwa 15.5 baada ya mwezi kwa mtu uliyekuwa unamjua tangu mwanzo, mauzo hayo warithi wanaweza kwenda kuyavunja.

Sasa lile ambalo hukuliuliza, na ndilo kubwa kuliko yote: hati iko kwa jina la marehemu. Leo hii hakuna muuzaji. Warithi wote watano wakikaa meza moja na kutia sahihi, bado hawana mamlaka ya kuuza. Sheria ya Urithi, Sura 160, kifungu cha 82, inamkataza hata msimamizi wa mirathi kuuza mali isiyohamishika kabla ya kibali chake kuthibitishwa na mahakama, na uthibitisho huo kwa kawaida huombwa baada ya miezi sita tangu kibali kutolewa. Kifungu cha 45 kinamfanya mtu anayeingilia mali ya marehemu bila mamlaka kuwa mkosaji: faini isiyozidi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote. Dalali anayekusanya dipositi ya nyumba ya namna hiyo yuko ndani ya kifungu hicho pamoja na aliyemtuma.

Kama familia ni Waislamu na wote wanaridhia, jambo linaweza kwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo itagawa mafungu kisheria. Mmoja akikataa mamlaka ya Kadhi, ni Mahakama Kuu. Ulizeni pia kama yuko mjane, maana katika orodha za "warithi watano" mama husahaulika mara nyingi ajabu. Na hakikisheni nyumba si wakfu. Mji wa Kale una mali za wakfu, na hiyo haiuzwi kwa familia kukubaliana tu.

Walioko Muscat watoe ridhaa zao na uwezo wa uwakilishi (power of attorney) mbele ya ubalozi wa Kenya au mthibitishaji wa huko, na ule uwezo usajiliwe masjala ya ardhi kabla ya kutumika. Karatasi iliyopigwa picha ikatumwa kwa WhatsApp haisajiliwi. Na kama mtu ana uwezo wa uwakilishi alioandikiwa na baba mwenyewe alipokuwa hai, ulikufa siku alipokufa baba.

Dipositi: asishike dalali, na hasa dalali asiye na cheti. Kwa kawaida ni asilimia 10, inakaa kwa wakili wa muuzaji kama mshikaji wa pande zote mbili, haiguswi mpaka mauzo yakamilike. Kipindi cha kukamilisha huwa siku 90. Hakikisha neno hilo la kushikilia limo kwenye mkataba, kwa sababu wakili asiyefungwa nalo ataitoa kwa mteja wake siku ile ile. Na mkataba wenyewe lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Sheria ya Mikataba, Sura 23, kifungu cha 3. Mapatano ya mdomo ya ardhi hayashtakiki, hata mbele ya mashahidi kumi.

---

HesabuZaPwani

Mie niongeze ya fedha, nikianza na hizo taslimu.

Wakala wa mali ni mmoja wa wanaotakiwa kuripoti chini ya sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha, POCAMLA ya 2009, na EARB ndiyo inayowasimamia kwa jambo hili. Tangu Kenya iwekwe, Februari 2024, kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakasishaji wa fedha, ukaguzi umekuwa mkali. Wakala anajiandikisha kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, FRC. Malipo ya taslimu yanayofikia dola 15,000, ambazo ni karibu shilingi milioni mbili, yanaripotiwa hata kama huna shaka yoyote. Muamala wa kutia shaka unaripotiwa ndani ya siku mbili, uwe wa taslimu au wa benki, mkubwa au mdogo. Ukiripoti, mteja usimwambie. Kumbukumbu zinatunzwa miaka saba.

Kwa vitendo, kabla hujampeleka mnunuzi kuona nyumba mara ya pili, uwe na nakala ya kitambulisho au pasipoti, PIN, anwani, na karatasi inayoonyesha fedha zimetoka wapi: taarifa ya benki, mkataba wa mali aliyouza, barua ya mkopo. Kampuni ikinunua, jua ni nani hasa walio nyuma yake. Dalili za kuogopa ni mnunuzi asiyejali bei, anayetaka jina la mwingine kwenye hati, anayekataa kupita benki, au anayezikata taslimu mafungu ya milioni moja na laki nane kila wiki. Kukata mafungu ili kukwepa ripoti hakukuondolei ripoti, kunakuongezea shaka.

Mnunuzi wako apelekwe benki. Aingize fedha kwake mwenyewe, ajibu maswali ya benki yake, kisha azitume kwa wakili. Akikataa, umeshapata jibu.

Sasa hesabu. Bei ikiwa 15,500,000, ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 620,000, na huulipa mnunuzi. Mashambani ni asilimia 2. Watu watashawishi mkataba uandikwe 14,000,000 ili ushuru uwe 560,000. Mnaokoa 60,000, mthamini wa serikali anaweza kuikadiria nyumba upya vilevile, na mnunuzi atakapouza faida yake kwenye karatasi itakuwa imeongezeka kwa milioni moja na nusu.

Warithi nao: ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Lakini mali ya marehemu inayouzwa katika kusimamia mirathi imesamehewa, mradi mauzo yakamilike ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda ambao Kamishna ameongeza kwa maandishi. Kama kulikuwa na kesi ya mirathi, miaka miwili huhesabiwa tangu kesi iishe. Kwa nyumba ya milioni 15 hilo si jambo dogo. Waulize baba alifariki lini.

Kamisheni yako, tuseme mmepatana asilimia 3: 465,000. Anayekulipa anakata asilimia 5 ya ushuru wa zuio, 23,250, na cheti cha makato unakipata iTax, mtandao wa KRA. Mapato yako ya mwaka yakifika milioni tano unaingia VAT na kuongeza asilimia 16 juu ya ankara. Cha juu cha milioni moja na nusu, kwa upande mwingine, hakina ankara, kwa hiyo hakina maelezo KRA watakapouliza hizo fedha ni za nini.

Na hizo ploti zako: mtu anayenunua na kuuza kama kazi yake halipi ile asilimia 15. Hayo ni mapato ya biashara, yanatozwa kwa viwango vya kawaida vya mapato, na gharama zako halali unazitoa. Wengi hulipa 15 wakadhani wamemaliza, kisha barua ya KRA ikawafikia na riba.

---

Fatma_Kisauni

Shukrani kwa darasa. Na zile nyumba zinazouzwa bila ardhi, dalali anatakiwa kumwambia mnunuzi nini? Naona matangazo yanaandika tu "nyumba inauzwa, vyumba sita, Majengo, bei ya kuongea".

---

Wakala_Tudor

Dada Fatma, swali zuri, kwa sababu hapa Mombasa ndipo mgeni kutoka bara anapoumizwa.

Neno "bila ardhi" liwe kwenye tangazo lenyewe, lisisubiri kusemwa wakati wa kuhesabu fedha. Mnunuzi ananunua kuta, mabati na nafasi ya kuendelea kukaa juu ya ardhi ya mtu mwingine, ambaye atamlipa kodi ya ardhi. Masjala hakuna hati ya nyumba hiyo. Ukifanya sachi, yaani upekuzi wa masjala ya ardhi, utaona jina la mwenye ardhi tu. Benki haitaichukua kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Mwenye ardhi akiuza, mnunuzi mpya wa ardhi anaweza kuja na masharti mapya au na amri ya kuondoka.

Dalali mwadilifu anamwekea mnunuzi mezani: sachi ya ile ploti mama, risiti za kodi ya ardhi za miaka ya karibuni zenye jina la muuzaji, barua ya mwenye ardhi au mwakilishi wake kwamba anamkubali mnunuzi na atambadilishia jina, kiwango cha kodi kuanzia sasa, na jibu la wazi kama kuna kesi ya ardhi hiyo. Barua ikitoka kwa "mwakilishi", aonyeshe aliyemtuma. Maeneo mengine wenye ardhi wenyewe wanagombana, na risiti zinatoka kwa watu wawili tofauti. Hapo usiuze.

Kwa nyumba ya Mji wa Kale, sawa na hivyo, kuna la kumwambia mnunuzi mapema: ni eneo la uhifadhi. Mlango wa nakshi, roshani, urefu wa jengo, huwezi kuvivunja au kuongeza ghorofa kwa ramani ya kaunti peke yake. Ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa lazima ihusishwe. Mnunuzi anayepanga kubomoa ajenge gorofa la kupangisha akilijua hilo baada ya kulipa, atakurudia wewe.

---

Mdau_Chumbageni

Kwa ndugu zetu wa huku Tanzania wanaosoma: msichukue haya ya EARB mkadhani yanatuhusu. Huku wathamini ndio wenye bodi yao chini ya sheria ya 2016. Dalali wa nyumba anafanya kazi kwa TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni ya biashara, na mazoea ya mpangaji kumlipa kodi ya mwezi mmoja yanaendeshwa na soko. Wajibu wa kutomdanganya mteja uko palepale.

Na wewe Mwana_Kibokoni, ukipata wazo la kuvuka mpaka wa Horohoro uje kutafutia watu viwanja Tanga, angalia Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15. Udalali na uwakala wa biashara na mali umo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, na kibali cha kuishi kinafutwa. Mtanzania anayemfunika mgeni naye ana adhabu yake.

---

Mwana_Kibokoni

Allah awajaze kheri. Nimeelewa kwamba nyumba hii isimame mpaka mirathi ithibitishwe. Kuna ploti ya ekari mbili Kilifi niliyotaka kuinunua mwenyewe na kuikata vipande vinane. Hapo mimi ni mwekezaji, si wakala. Cheti bado kinahitajika? Na hiyo barua ya mteja iwe na maneno gani?

---

Bi_Wakili

Ukinunua kwa fedha yako, ukasajiliwa, kisha ukauza kilicho chako, si uwakala. Ukilipa dipositi tu, halafu ukaanza kutangaza vipande na kukusanya fedha za watu ili umalizie bei ya mwenye shamba, hapo mambo yanabadilika: unauza usichonacho, na mwenye shamba akirudi nyuma wewe ndiye utakayeitwa tapeli. Kama nia ni kumpitishia mtu mwingine, mkataba useme "mnunuzi au atakayemteua", na mwenye shamba alijue.

Kama ardhi ni ya kilimo, kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, Sura 302. Ridhaa inaombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba; bila ridhaa mauzo ni batili, hata kama mmelipana yote. Kuigawa kunahitaji ridhaa pia, mbali na idhini ya kaunti na kazi ya mpima ardhi aliyesajiliwa. Mnunuzi wa kipande akiwa si raia, bodi haitampa ridhaa ya ardhi ya kilimo, na kwa ardhi yoyote Katiba inamwekea kikomo cha ukodishaji wa miaka 99. Waulize wanunuzi wa Ughaibuni wana pasipoti gani, maana waliochukua uraia mwingine kabla ya Katiba ya 2010 na hawajaomba kurudishiwa wa Kenya bado huhesabiwa wageni. Usitangaze "hati iko tayari" wakati kilichopo ni hati mama moja na mchoro wa mpimaji.

---

Wakala_Tudor

Barua ya mteja, ukurasa mmoja unatosha. Majina kamili, namba za vitambulisho na PIN za wote wenye mali, wala si mmoja "kwa niaba ya wenzake". Namba ya ploti kama ilivyo kwenye sachi, pamoja na tarehe ya sachi. Bei ya kuombwa na bei ya chini. Kama umepewa kazi peke yako au na wengine, na mwisho wake ni tarehe gani. "Mpaka iuzwe" ni maneno ya kuzua ugomvi. Kiasi cha kamisheni, kama kina VAT ndani au nje, nani analipa, na inadaiwa lini: siku mkataba unapotiwa sahihi, au siku mauzo yanapokamilika. Hilo la lini ndilo wengi husahau, kisha mauzo yakivunjika katikati kila mtu ana tafsiri yake.

Ongeza mistari mitatu. Wa kwanza: "Wakala atamjulisha mteja kwa maandishi kila ofa atakayopokea, ndani ya saa 24." Wa pili: "Wakala hatapokea malipo yoyote kutoka upande wa pili bila ridhaa ya maandishi ya mteja." Wa tatu: kama mnunuzi ana uhusiano na wakala, itasemwa kabla ya ofa kujibiwa. Chini iwe na jina la wakala aliyesajiliwa, namba yake ya usajili na mwaka wa cheti chake. Nafasi hiyo ya mwisho ikibaki wazi, usiitie sahihi wewe. Ipeleke kwa kampuni utakayofanya kazi chini yake.